Mtandio Mlangoni

...na huo mpira sasa, eti tukae juu ya mpira badala ya kiti ili mgongo unyooke, mgongo wangu mimi hauna neno, chenye neno ni kifua, kimejaa tangu asubuhi mpaka kimekuwa jiwe, na huyu msanifu wa ofisi ndiyo kwanza anafika kwenye rangi, kijani kinatuliza akili, anasema, bluu inachangamsha kazi, na kila akitamka "ustawi" anafumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, atanyamaza lini huyu, atanyamaza lini jamani, nimejifunika mtandio hapa mbele maana blauzi imeshalowa upande wa kushoto, nikiinuka tu kila mtu ataona, na siku hizi humu kila mtu anaona kila kitu, si ndiyo maana kuta zimebomolewa... "Uwazi hujenga kuaminiana," anasema, haya bwana, tuaminiane, mimi napokea simu za malalamiko ya maji, mteja wangu analia bomba kavu, wa jirani yangu analia maji yamejaa sebuleni, kelele zimechanganyika hadi juzi nikampa pole ya mafuriko yule wa bomba kavu, akanikatia simu, na haki alikuwa nayo, lakini kuta nitazizoea, nisichokizoea ni stoo, stoo yetu ya karatasi, ilikuwa imebana, ina vumbi, ina kiti kilichovunjika mgongo na soketi moja, lakini ilikuwa na mlango, mlango wenye ufunguo, na Bibi Faili, mkongwe wetu wa masijala, ndiye aliyeanza zamani hizo, alipokuwa akinyonyesha kitindamimba wake ambaye leo ana ndevu, akaingia kukamua maziwa na kuufunga mtandio wake kwenye kitasa kwa nje, basi, ikawa ndiyo sheria, ukiuona mtandio ujue ndani kuna mama, hata meneja na sauti yake ile ya tarumbeta, akija kutaka karatasi akaona mtandio, anageuka kimyakimya, karatasi zitasubiri, hakuna aliyemfundisha... nami nilikuwa naupita ule mlango na tumbo langu najiambia zamu yangu inakuja, kumbe, natoka likizo ya uzazi nakuta stoo hakuna, pamesimama Chumba cha Utulivu, kizuri, nisiseme uongo, kina zulia, kina taa ya manjano, kina maua ya plastiki yasiyodai maji, kimeandikwa PUMUA kwa herufi kubwa, na ni kioo kitupu, juu hadi chini, pande zote, atakayetulia humo labda samaki. "Msiogope kuchangia," anasema, "jisikieni mko nyumbani," nyumbani, baba, nyumbani nina mlango, nimejaribu chooni mimi, nimesimama na pampu yangu inanguruma, mtu anagonga, "Kuna mtu humo? Mbona kuna mashine?", maziwa nayo si mtumwa wa kuitwa kwa kelele, yakagoma, nikatoka na chupa ina kitone tu, na leo alfajiri mama mkwe amenishika mkono mlangoni, kwa upole kabisa, upole wake ndio ulioniumiza, "Mwanangu, jana hayakumtosha, amelia sana. Kama yanakauka sema tu, tumwanzishie ya kopo, hata wanangu mimi walikunywa," nikasema hayakauki mama, nikasema kwa ukali ambao hakustahili, kwa sababu yanakauka, kila siku yakikaa hapa kifuani bila kutoka yanapungua, mwili nao unasikia, unaona hayahitajiki, nimekasirika, nimekasirika na mpira, na taa ya manjano, na mimi mwenyewe ninayeona haya kusema neno titi mbele ya wanaume waliokua kwa hayo hayo... slaidi nyingine, Mungu wangu, slaidi nyingine, "Na hapa ndipo tulipookoa nafasi," anasema, na kwenye ukuta inatokea picha ya mlango wa stoo, mlango wetu, rangi imebabuka vilevile, "kila tulipopita tulikuta pamefungwa, mpaka kuna mtu kasahau mtandio wake kwenye kitasa, tukajua hapatumiki," na anacheka kidogo, na watu wawili watatu wanacheka naye, na mimi nautazama ule mtandio pale ukutani, wa maua mekundu, wa yule dada wa mapokezi, alikuwa ndani, jamani, walipopiga picha alikuwa ndani, anamkamulia mwanawe, wakaandika hapatumiki, kisha wakabomoa, na mwezi uliofuata tukaambiwa dada wa mapokezi ameona heri akae na mtoto, tukamchangia keki, meneja akatoa hotuba, mimi nilisimuliwa nikiwa likizo nikasema amefanya vizuri, kumbe hakuona heri wala nini, alikosa mlango... kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sawa, msanifu hajui, mgeni, atajuaje, lakini meneja anajua, namwona anavitazama viatu vyake, na Bibi Faili ananitazama mimi, hamtazami msanifu, ananitazama mimi na mtandio wangu, na najua anachosubiri, na baada ya dada ni nani, ni mimi, na baada yangu ni yule wa hesabu ambaye tumbo lake limeanza kuonekana na anadhani hatujaliona, sote tutakatiwa keki... kutwa nzima nawaambia watu tumepokea malalamiko yako, yanafanyiwa kazi, na langu nimelifunika kwa kitambaa, nililala nikidhani mwili wangu ndio umeshindwa, kumbe mwili hauna kosa, hauna kosa hata chembe, na msanifu anazima mashine yake, anatabasamu, "Kuna swali? Hakuna swali baya," na hakuna mkono unaoinuka, hakuna kilichobadilika, kifua ni jiwe lilelile na blauzi imelowa pande zote mbili sasa, acha ilowe, na mimi nauvuta mtandio begani, taratibu, nautoa wote, naukunja mkononi, nasimama.