Malaika kwenye Meza ya Chuma

Cherehani ndiyo iliyoniamsha. Ilinguruma kidogo, ikatulia, ikanguruma tena kwa muda mrefu, nami nikiwa bado nimefumba macho nikajua dada ana kazi ya haraka. Kisha ikanyamaza. Kilichobaki kusikika ni pampu ya hewa ikibubujika, halafu sauti ya dada nyuma ya pazia.

"Cheche, njoo uone. Malaika wako wameshapata kifungua kinywa."

Nilitoka mbio. Jana yake kigae nilichokiegemeza ndani ya tangi la samaki wangu, wa aina iitwayo malaika, kilikuwa kimejaa mayai kama mia tatu. Sasa kilikuwa kisafi kama sahani iliyolambwa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Dada yangu mkubwa ni fundi wa kushona, na sebule yake ndiyo karakana yake. Cherehani yake ya mota ilikaa mwisho huu wa meza, tangi langu mwisho ule. Cherehani ya pili, aliyoisubiri miaka, ilikuwa bado ndani ya boksi ukumbini, tukiigonga kwa magoti kila tukipita. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuiweka, pale penye tangi. Daktari wa meno wa mtaa wetu alikuwa analitaka tangi hilo kwa wagonjwa wake, wapate cha kutazama wakisubiri kung'olewa. Asubuhi hiyo dada alinipa onyo la mwisho: wakitaga tena na wakala tena, Jumapili ya wiki inayofuata daktari atakuja na gari.

Nilikubali bila kupepesa macho, maana sikuzaliwa nishindwe na samaki. Kila Ijumaa nilitoa robo ya maji tangini, nikarudishia maji yaliyolala kwenye ndoo siku nzima hadi dawa ya klorini ikaisha nguvu. Sponji ya chujio sikuisuuza bombani hata siku moja. Niliikamua kwenye yale maji niliyoyatoa, kwa sababu ndani yake mna vijidudu visivyoonekana vinavyosafisha uchafu, na maji ya bomba huviua. Joto lilikuwa nyuzi ishirini na nane, usiku na mchana. Kosa lilikuwa la mwingine. Muuza samaki alisema dume ndiye mlafi, nami nikambatiza dume jina la Mwizi. Jike nilimwita Bi Mkubwa, kwa jinsi alivyopita kwenye majani na mapezi yake marefu kama mwenye nyumba anayekagua vyumba.

Jumamosi mchana wakataga tena. Bi Mkubwa alipanda na kushuka juu ya kigae akiacha mayai mstari baada ya mstari, Mwizi akimfuata nyuma kuyarutubisha. Nikakata plastiki ya kumtenga Mwizi. Kabla ya kuizamisha nikavuta kigoda, nikakaa uso kwa uso na kioo. Nilitaka nimfumanie.

Walipokezana kuyapepea mayai kwa mapezi. Yai lililogeuka jeupe walilidonoa na kulitema, lisiambukize mengine. Hawakugusa lililo zima. Ndipo dada akawasha cherehani kumalizia kola za sare za shule.

Maji yakafanya mikunjo juu. Samaki wote wawili wakashtuka, mistari yao myeusi ikafifia. Aliyegeuka na kumeza mayai matano kwa mkupuo alikuwa Bi Mkubwa. Mwizi alikuwa amejibana mbele ya kigae, anapepea kama amechanganyikiwa.

Nikaweka kiganja juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka hadi kwenye kiwiko changu.

Meza hiyo niliiunda mimi. Mita nne za chuma, kipande kimoja, miguu sita, kazi yangu ya kwanza nilipohitimu uchomeleaji. Niliwaambia mafundi wenzangu kwamba hata tembo akiipanda haitikisiki. Kumbe kila mshono wa dada ulikuwa unasafiri kwenye chuma changu na kufika kwenye mayai.

"Dada, zima."

Akazima, akaniangalia. Nikamweleza yote, bila kujitetea. Alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni.

"Kwa hiyo mwizi ni meza."

"Mwizi ni aliyeiunda."

Hapo akaacha kucheka. Akanikumbusha kwamba ana sare arobaini, na kwamba shule haitachelewa kufungua kwa kusubiri samaki wajifungue. Kisha, kwa sababu zake mwenyewe, akaniambia nilete spana. Tukaifungua cherehani kwenye meza tukaihamishia jikoni, na kwa siku nane alishona katikati ya masufuria, akilalamika kwamba sare zitanuka vitunguu.

Jumatatu jioni mayai yakaanguliwa. Kigae kizima kilichezacheza mikia myembamba kuliko uzi. Kila kifaranga aliyeanguka, Mwizi alimwokota kwa mdomo akamrudisha, na mimi nikamwomba radhi kimyakimya. Plastiki niliitupa.

Daktari wa meno, ambaye dada alikuwa hajamwambia lolote, alifika Jumapili saa nne, na watu wawili wa kubeba. Dada alimkaribisha, akampeleka hadi kwenye kioo. Vifaranga walikuwa wametoka kwenye kigae tangu jana yake, wingu zima, wakiogelea kati ya wazazi wao. Daktari akainama akatazama, akasahau kufumba mdomo, yeye ambaye kazi yake ni kuwafumbua wengine.

Dada ndiye aliyesema kabla sijafungua wangu. "Tangi haliondoki, daktari. Ila wakikua Cheche atakupa sita wa kuanzia."

Daktari alipoondoka, dada aliegemea mlango wa jikoni, kipimo shingoni. Alitazama boksi lile ukumbini. Kwa ajili yangu alikuwa amevunja ahadi yake kwa daktari na kuiachia nafasi ya cherehani yake. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Dada, hawa wakitimiza mwezi nitawahamisha, kisha meza hii nitaikata katikati kwa mkono wangu mwenyewe. Nusu yako nitaiunganishia miguu yake, ikae peke yake, na cherehani zote mbili zitasimama juu yake kabla sijagusa kazi ya mtu mwingine yeyote."