Mzizi wa Kutoa Baridi

Petronila hakulia walipomzika mumewe kule Rombo, na aliporudi Karatu hakulia pia. Watu walimsema. Mama mkwe wake, Germana, aliyefuatana naye ili asikae peke yake, aliwanyamazisha. "Mwacheni. Kila mtu na namna yake." Lakini yeye naye alikuwa anayangoja hayo machozi, ilionekana usoni.

Haukuwa ukaidi. Petronila hakusikia kitu. Alikula bila kujua kama mboga ina chumvi. Jirani alimsemesha, naye akaona midomo inacheza tu. Alichokisikia ni baridi. Julai ya Karatu ina baridi yake, ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa mpaka mchana, ila hii ilikuwa ndani ya mifupa, hata blanketi hazikuifikia. Ndipo alipokumbuka dawa ya marehemu mumewe, Melkizedek.

Mumewe alikuwa dereva wa watalii, mgongo umechakaa kwa kushuka na kupanda kreta, lile shimo la volkano lenye wanyama, miaka yote. Safari moja alimwendesha mama mmoja Mchina, mtaalamu wa dawa za asili huko kwao. Yule mama alimwona anavyoshuka garini kwa kujishikilia, akamwachia mfuko wa vipande vyeusi vya mzizi mkavu. Fuzi, aliuita. Unatoa baridi mwilini, alisema, lakini una sumu: uchemshwe tangu asubuhi mpaka mchana, kisha uonje tone moja. Ulimi ukifa ganzi, urudishe jikoni.

Petronila aliweka sufuria kwenye jiko la mkaa. Maji yalipoanza tu kubadilika rangi, moto ukafifia, na hakuona sababu ya kuuchochea. Akaonja. Ulimi ukawa kama si wake. Sharti alilikumbuka vizuri, ila tangu msiba mwili wake wote ulikuwa hivyo, akashindwa kuona tofauti. Akajaza kikombe, akanywa.

Ganzi ilitoka midomoni ikaenda vidoleni. Kisha moyo ukaanza kukimbia, ukajikwaa, ukasimama, ukakimbia tena. Akaanguka mlangoni. Germana aliyekuwa anaanua nguo alipiga yowe, na jirani yao Lekishon akawakimbiza hospitali kwa gari lake, sufuria ya mizizi ikiwa miguuni pa Germana.

Petronila alipoweza kuzungumza, daktari alimuuliza, "Kuna mwingine nyumbani anayetumia mizizi hii?"

"Mume wangu alikuwa anatumia."

"Yuko wapi?"

"Alifariki. Walisema ni moyo."

Daktari alivuta kiti, akakaa. "Siku hiyo alikuwa ameinywa?"

Petronila aliiona asubuhi ile. Melkizedek alikuwa na wageni wa kreta, na sufuria haikuwa imekaa motoni hata muda wa kuiva ugali. Aliuliza, "Unaonaje, itakuwa tayari?" Petronila alikuwa anakanda unga wa chapati. Alijibu bila kugeuka, "Kunywa uende, wageni wanakungoja." Siku hiyo hiyo walimkuta amekufa kwenye geti la hifadhi, ameulalia usukani.

"Aliinywa," alisema.

"Siwezi kukuhakikishia kuwa ndiyo iliyomuua."

"Najua."

Alingoja kitu kianguke ndani yake. Hakikuanguka.

Germana alipoleta uji, Petronila alimweleza yote, pamoja na lile neno alilolisema bila kugeuka. Mama mkwe aliliweka bakuli mapajani.

"Sharti ulilijua?"

"Nililijua, mama. Sikufikiri."

"Na yeye alilijua." Kisha Germana akajifunika uso kwa kanga, akalia mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Alipomaliza alisema, "Sijui nitakaaje na wewe nyumba moja."

"Rudi Rombo, mama. Sitakulaumu."

"Na nani atakupikia?" Akachota uji, akamsogezea kijiko mdomoni kwa nguvu kidogo, kama mtu anayelisha mtoto mkorofi.

Waliporudi nyumbani alikuja Ignas, dereva mwenzake marehemu. Baada ya kutoa pole alijikuna kichwa. "Shemeji, ile dawa ya mgongo haijabaki hata kidogo? Ya kwangu ilikwisha, na mwenzangu alikuwa ananigawia."

Petronila angeweza kusema imekwisha, kwa kuwa mfuko alikuwa ameshautupa chooni. Badala yake alimweleza, na Germana anamsikia kutoka uani.

"Mimi ndiye niliyemwambia anywe," alimaliza. "Waambie na wenzako. Mwenye nayo asiinywe."

Ignas aliitazama chai yake. Hakuinywa. Aliaga kwa sauti ndogo, akaondoka, na toka siku hiyo alimsalimia kwa mbali.

Germana alikaa mpaka Petronila alipopata nguvu za kufagia na kuteka maji. Jambo lile hawakulirudia. Siku ya kuondoka, mlangoni pa basi, mama mkwe alimshika mkono, akaubana mpaka pete ikamuumiza kidole. Petronila hakuutoa.

"Ukifika unipigie," alisema.

"Nitakupigia."

Basi lilipoondoka, alipita sokoni kununua vitunguu vya kujipikia.