Saini ya Ukuta

Mtunza nyaraka alinusa wino kabla hajaona kitu. Kazini kwake hakuna aliyeshika picha ya kale bila glavu za pamba. Hapa, nyumbani kwa baba yake, picha ililala wazi kando ya kikombe cha chai, na mzee mwenyewe, golikipa mstaafu aliyeitwa Ukuta enzi zake, ameiinamia na kalamu nene nyeusi mkononi.

"Baba! Umefanya nini?"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Umefanya nini?"

"Marahaba. Saini yangu ilikuwa imekufa. Nimeifufua."

Ilikuwa picha pekee ya timu nzima, iliyosainiwa na wachezaji wote kumi na mmoja siku ya fainali. Aliyebaki hai ni Ukuta peke yake. Kwa miaka mingi ilining'inia sebuleni ikitazamana na dirisha, jua likila wino polepole, mpaka mwana akachoka kusihi. Mwezi uliopita aliishusha, akaifunga kwa karatasi isiyo na asidi, akaiweka ndani ya boksi gumu juu ya kabati, mbali na mwanga na unyevu. Alidhani yameisha.

Alivaa glavu, akatazama. Mstari mpya ulikuwa umelala juu ya ule wa zamani, mnene kama kamba ya kiatu.

"Umeiharibu, Baba. Ya thamani ilikuwa ile ya siku ile."

"Umewahi kuona mtu akighushi saini yake mwenyewe?"

Mtunza nyaraka alinyoosha mkono.

"Nipe kalamu."

"Ngoja nimmalize Mapafu. Maskini, amebaki herufi mbili." Ncha ilikuwa tayari juu ya saini ya Mapafu, kiungo wa timu ile.

"Usithubutu! Hiyo ndiyo kughushi. Mapafu hawezi kusaini tena."

Kalamu ikasimama hewani.

"Mimi chai ya asubuhi nakunywa nao," mzee alisema. "Umewafungia kwenye boksi kama viatu. Nimsalimie nani?"

"Nitakuletea nakala, kubwa kuliko hii. Itundike, ichore, imwagie chai, sitasema neno."

"Nakala haijaguswa na mikono yao."

"Haijaguswa. Na hii ukishaichora, mkono utakaoonekana ni wako tu."

Mzee alimtazama Mapafu pichani, akafunika kalamu.

Wiki iliyofuata nakala ilikuwa ukutani, palepale mbele ya dirisha. Mwana aliuma meno, maana alikuwa ametoa ahadi. Halafu akasogea karibu. Juu ya kila mchezaji palikuwa na saini nzito nyeusi, na maneno: "Kwa niaba ya Mapafu." "Kwa niaba ya Kijiko." Wote, isipokuwa beki mmoja.

"Huyo nimesahau alivyokuwa akisaini," Ukuta alisema. "Hebu shusha boksi tuangalie."

"Kalamu iko wapi?"

"Ipo mfukoni."

"Kaiweke jikoni. Kisha nawa mikono, uikaushe."

Mzee aliondoka akinung'unika kwamba hata refa hakuwahi kumsumbua hivyo. Mtunza nyaraka akatoa glavu. Safari hii alikuwa amekuja na jozi mbili.