Mtungi wa Winny

Kwenye bomba letu la maji mtaani Nyalenda, zamu ikifika na mwenye mtungi hayupo, mtungi wake unasukumwa kando. Siku hiyo aliyekosekana alikuwa Winny, jirani aliyenitukana mbele ya kanisa zima. Zamu yangu ilifuata yake. Nikainua mguu niupige teke mtungi wake wa plastiki, nikakumbuka nilivyoomba asubuhi: "Bwana, nifundishe kupenda."

Si huyu, Bwana! Nilikasirika kweli. Lakini nikaujaza, nikampelekea nyumbani. Nilimkuta ana homa. Hata asante hakusema.

Wiki iliyofuata nilichelewa mimi, nikijua mtungi wangu umeshasukumwa. Nilimkuta Winny ameukalia, umejaa maji, anawakodolea macho wote waliopanga foleni.

"Inama nikutwishe," alinifokea.