Makovu Yaliyoonekana kwenye Kioo

Jumatano, tarehe 14 Machi 2001. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka Mwika na mlima haukuonekana. Niliomba, nikanywa chupa mbili za maji kama nilivyoagizwa, kisha mimi, mume wangu Sifael na mama yake tukateremka hospitali, Moshi.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mimba yangu iharibike. Baada ya kusafishwa kizazi sikuziona siku zangu tena. Kila mwezi nilimwomba Mungu hata tone moja tu. Mama mkwe aliamini ni kinyongo cha shangazi yake Sifael, aliyesahauliwa tulipogawa nyama ya harusi. Mara mbili alimpelekea jani la isale, kama ilivyo desturi yetu, kumwomba radhi.

"Kinyongo gani?" shangazi alicheka. "Nyama yenyewe ningeitafuna kwa meno gani?"

Ndipo mama mkwe akasema kwamba kahawa ikishavunwa atamtafutia mwanawe mke mwingine. Sifael alichukua jembe akaenda zake shambani, na hilo liliniuma kuliko yale maneno.

Hospitalini siku hiyo, Daktari Yoramu alipitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya tumbo langu.

"Kibofu kimejaa vizuri," alisema. "Mnauona huu mstari mweupe kwenye kioo cha mashine? Ndio ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Hapa umekatika. Pande mbili zimeshikana kwa makovu. Ulisafishwa mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili kwa mtu mmoja, nyumbani kwake."

"Alikwangua mno."

Mama mkwe akaketi. Ni yeye aliyenipeleka huko.

Mchana nilichomwa sindano ya ganzi. Muuguzi Hilda alishika kifaa tumboni, naye daktari akaingiza chombo chembamba kwa njia ya uzazi, macho yake kwenye kioo, akiyaachanisha makovu kidogo kidogo asije akatoboa. Niliomba kimoyomoyo. Nilimwomba Mungu mtoto, sikumficha.

Alipomaliza, daktari aliwaita ndani Sifael na mama yake. Mstari ulikuwa karibu mzima.

"Nimeweka kitanzi kwa muda tu, ili pande hizi zisishikane tena, na atameza vidonge. Siku zake zinaweza kurudi. Mtoto siwezi kuahidi."

"Basi nitaahidi mimi," mama mkwe akasema. Alisimama, akamshika Sifael mkono. "Daktari, nesi, nisikieni. Na wewe mwanangu. Mkwe wangu Aikande apate mtoto asipate, sitaleta mwanamke mwingine katika nyumba yake. Mungu ananisikia."