Magurudumu ya Skuta kwenye Kibao cha Chapu

Uvumi ulimkuta Mama kwenye kibanda cha mikate, ukamganda kama uzi mweupe kwenye sketi nyeusi.

"Mwenzangu, umesikia?" Muuza mikate aliinama juu ya meza yake. "Kuna msichana anateremka ule mlima wa hospitali amesimama juu ya ubao. Hasukumi kwa mguu, havutwi na mtu. Ubao unakwenda wenyewe, wii! Watu wanasema siku akikanyaga kokoto, tutamzoa kwa beleshi."

"Mtoto wa nani huyo?"

"Nani ajuaye? Wanasema ana gauni la kijani, mfuko wa maua mbele."

Mama aliondoka, mkate akauacha mezani. Mfuko ule wa maua aliushona mwenyewe, kwa kipande kilichobaki kwenye pazia la mteja.

Nyumbani alimkuta binti yake amekaa chini, ubao uko mapajani. Wote mtaani walimwita Chapu, kwa sababu kila alichoshika kiliisha kabla wengine hawajauliza kinaanzia wapi. Ubao ule ulikuwa mlango wa kabati la zamani. Chini yake alikuwa amefunga ekseli mbili zenye magurudumu madogo mapana, mota na betri za skuta ya umeme iliyokwisha kazi, na mkanda uliotoka kwenye mota kwenda gurudumu moja la nyuma.

"Kumbe ndivyo unavyopeleka nguo za wateja," Mama akasema. "Na mimi nakusifu kwamba una miguu myepesi!"

"Nani kakuambia?"

"Mfuko wako."

Chapu alicheka, Mama hakucheka. Usiku ule, na uliofuata, kila akifumba macho alisikia neno beleshi. Angemkataza, lakini kazi nayo ilikuwa inamtazama. Nguo zilikuwa zinafika kwa wateja siku ileile, na wateja walikuwa wameongezeka. Tena macho ya Mama yalikuwa yameanza kumkimbia. Mashine aliijua kwa vidole, lakini tundu la sindano ya mkono lilikuwa ukungu mtupu. Ikifika kazi ya vifungo na pindo, alikuwa anaita tu, "Chapu!" Binti anakuja, analamba ncha ya uzi, anaupenyeza mara moja.

"Ukiolewa nitashona na nini mimi?"

"Nitakuachia sindano mia, zote zimetungwa."

Hayakuwa maneno tu. Kila alipotoka kupeleka nguo, Chapu alimchomekea mama yake safu ya sindano zenye uzi kwenye kimto cha sindano, nyeusi, nyeupe, kijani, ili asikwame.

Basi Mama akashindwa kukataza. Akauliza, "Hiyo kokoto wanayoisema, dawa yake nini?"

"Magurudumu makubwa, Mama. Haya yangu madogo, kokoto inayasimamisha. Makubwa yanapanda juu yake, yanapita."

"Basi tafuta makubwa. Bila hayo hutoki na huo mlango wangu."

Aliyeyaleta ni muuza mikate mwenyewe, aliposikia hadithi yote na kuona aibu ya mdomo wake. Alikuja na skuta mbili za kusukuma kwa mguu, za wanawe, mipini imevunjika. "Chukua, Chapu. Magurudumu bado mazima. Nimekusema vibaya, sasa acha nikusaidie safari zako."

Magurudumu yalikuwa makubwa kweli, lakini membamba. Chapu alilivisha la kwanza kwenye ekseli, akalisukuma kwa kidole. Likacheza kulia, likacheza kushoto. Ekseli ilitengenezwa kubeba gurudumu pana, na jembamba lilikuwa limeacha pengo la upana wa kidole.

"Hapa panataka washa za chuma, vile visahani vyenye tundu katikati," alisema, "nyingi, zipangane."

"Dukani hawana?"

"Leo wamefunga. Na yule bibi harusi anataka gauni lake kesho asubuhi."

Mama alirudi kwenye mashine. Hakumwona Chapu akinyanyua macho kutazama palepale, kwenye mashine ya kushonea. Kile kijiti cha kukalia uzi kilivunjika zamani, na Mama alikirefusha kwa kipande cha plastiki ya uzi, ile inayobaki uzi ukiisha. Kila mgeni alionyeshwa. "Fundi alisema ninunue kingine," Mama alikuwa akijigamba, "mimi nikamwambia, kaa na duka lako." Miaka yote hiyo kile kiplastiki kilikuwa hakijamwangusha.

Asubuhi kibao kilikuwa tayari. Kilisimama juu kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Chapu alizunguka nacho uani, akapita makusudi juu ya kokoto. Kikaruka kidogo, kikaendelea.

"Umeona, Mama? Beleshi lenyewe limekosa kazi!"

Mama alijikuta anacheka. Alimfunga mzigo mgongoni, gauni jeupe ndani ya mfuko, akamwambia, "Breki usiisahau."

"Breki iko kwenye mota. Nikiachia kitufe, mota inauvuta mkanda, mkanda unashika gurudumu. Usiwe na wasi."

Gauni lilifika. Ni wakati wa kurudi, kwenye mlima wa hospitali, ndipo wapita njia walipomwona msichana anaachia kitufe na ubao haupungui mwendo. Akabonyeza, akaachia tena. Mbele yake watu walikuwa wanavuka na mzee wa magongo. Chapu aliwaona. Alijitupa pembeni, mkono wa kulia mbele, ukingo wa zege ukaupokea.

Hospitali ilikuwa palepale juu. Daktari alifanya alichoweza. Mifupa iliunga, ila mshipa mmoja wa fahamu ulikatika, na vidole viwili, gumba na cha shahada, vikabaki kama vya mtu mwingine. Vinaona baridi tu, havishiki.

Majirani walirudisha ubao. Mkanda ulikuwa unaning'inia. Chapu aliuomba auone, akauzungusha kwa mkono wa kushoto, akatoa kitu karibu na gurudumu, akakiingiza mfukoni haraka.

"Nini hicho?"

"Si kitu, Mama. Mkanda uliruka. Ni bahati mbaya."

Siku ya kufua, Mama aliingiza mkono kwenye mfuko wa maua. Akatoa plastiki ya uzi ya bluu, imekatwa kwa kisu vizuri, lakini imeyeyuka upande mmoja, imebonyea kama peremende iliyotafunwa. Alisimama, maji yanamchuruzika kwenye viwiko. Hakuhitaji fundi wa kumweleza. Chuma kilikuwa kimepata moto, plastiki ikalegea, gurudumu likahama, mkanda ukaruka, na breki ikaondoka na mkanda. Aliigeuza geuza ile bluu. Akageuka kutazama mashine yake. Kijiti kilikuwa na plastiki ya bluu hivyo hivyo.

Aliirudisha mfukoni, akafua gauni nayo ikiwa ndani, akaanika. Mtoto alikuwa ameficha ili mama yake asijue amejifunzia wapi. Basi naye asijue kwamba mama yake amejua.

Jioni ilikuja nguo ya vifungo. Mama aliuelekeza uzi kwenye tundu, ukapita pembeni. Akalamba, akajaribu tena. Chapu akasogea, "Lete, Mama." Akashika sindano kwa kushoto, uzi akauweka kati ya vile vidole viwili. Ukaanguka. Akauokota. Ukaanguka.

"Acha, mwanangu. Vifungo havina haraka."

"Mimi ndiye Chapu," akasema, akauokota uzi tena.

Kwenye kimto zilibaki zile sindano za asubuhi ya gauni la bibi harusi. Mama alizitumia moja moja, kwa kubana uzi, hata mafundo aliyafanya madogo. Ikabaki moja, ya uzi wa kijani. Wateja wa kijani wamekuja, amewaambia rangi hiyo imekwisha.

Wenye watoto wa mikono myepesi, yaepukeni haya:

Gurudumu jembamba la skuta, au la viatu vya magurudumu, kwenye ekseli ya gurudumu pana, kabla pengo halijazibwa kwa washa za chuma.

Plastiki, kadibodi au kitambaa mahali panapopata moto.

Breki moja tu, tena iliyo kwenye mkanda.

Kujaribu uani penye usawa, halafu kwenda mlimani.

Kutoka bila kofia ngumu na bila vikinga vya viganja.

Kazi ya haraka siku ambayo duka limefunga.

Kujisifia mbele ya mtoto kiraka kilichokubali mahali pamoja, bila kumwambia ni mahali pamoja tu.