Safu ya Mama Ndoo

Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, saa nne kasorobo asubuhi, mke wangu aligeuzwa mwongo akiwa ametimiza mwaka na miezi miwili kaburini. Walibandika tangazo kwenye ubao wa kituo chetu cha vipimo vya bahari, na mimi, mlinzi wa lango, ndiye niliyeitwa kushika ncha moja ya karatasi isiende upande.

Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua. Tangazo lilisema vituo vyote vya bahari vimekubaliana majina ya vipimo, ili takwimu zetu ziweze kuwekwa pamoja na za wenzetu. Zamani kila kituo kilikuwa na majina yake. Sasa ipo orodha moja. Kwetu sisi, safu ya “joto la ndoo” na safu ya “joto la bomba” zote zitaitwa “joto la maji ya juu”. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika: Takwimu za ndoo za miaka tisa zina shaka, zisitumike.

Joto la ndoo alikuwa akilipima mke wangu. Miaka kumi na moja, kila siku saa moja asubuhi, alisimama mwisho wa gati, akateremsha ndoo kwa kamba, akaivuta, akatia kipimajoto na kuandika kwenye daftari. Kituo kizima walimwita Mama Ndoo. Miaka miwili ya mwanzo namba zake zilikwenda sawa na za bomba, lile linalovuta maji baharini na kuyaleta kwenye mashine ndani. Halafu zikaanza kupishana. Za kwake zikawa juu, karibu digrii nzima.

Mkuu wa kituo alimwita ofisini. “Mama, macho hayo,” alimwambia. “Mashine haizeeki.”

Mke wangu akanunua miwani, namba zikabaki vilevile. Mwishowe akawa ananiomba nisimame nyuma yake nimsomee kipimajoto, na kila mara tulisoma namba ileile. Hata hivyo alikufa akiamini macho yamemwangusha. Hilo siwasamehe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa binti wa takwimu, aliyeletwa kazini na mkuu mwenyewe, kwa hiyo nilimwendea roho mkononi. Nilimkuta na orodha mezani.

“Binti, nani kaandika maneno yale ya shaka?”

“Kompyuta, mzee wangu. Ukiipa safu mbili zenye jina moja na hazilingani, inauliza ipi mbovu.”

“Na nani aliijibu?”

Akatazama mlango kabla ya kusema. “Mkuu.”

“Nilijua.”

“Ngoja kwanza, baba. Orodha hii inataka kila jina lije na kina chake. Ndoo inachota juu kabisa, hilo halina ubishi. Bomba mchoro unasema liko mita moja chini ya maji yakipwa kabisa.”

“Nani alilipima?”

“Mchoro unasema.”

“Mchoro una mikono?”

Akacheka, nami nikamtilia mashaka zaidi. Mtu anayecheka akiwa karibu na mkuu ana lake jambo.

Ijumaa maji yalikupwa kabisa mchana. Nikachukua kamba, nikaifunga mafundo kila baada ya mita, mwisho nikatia ndoano ya chuma nzito. Nikaiteremsha kandokando ya bomba, kisha nikaipandisha polepole mpaka ndoano ikanasa kwenye mdomo wa bomba. Nikahesabu mafundo kutoka usawa wa maji. Mita sita.

Nikarudia mara tatu. Mita sita. Na nilipochungulia vizuri, maji yakiwa maangavu, niliona bolti za kiungo kilicho kama mita moja chini ya maji hazifanani na za juu. Hicho kipande kiliongezwa.

Fundi wa pampu alikuwa ananawa grisi. Nikamuuliza bila kuzunguka.

“Zamani pampu ilikuwa inavuta hewa maji yakipwa na bahari ikichafuka,” alisema. “Labda waliongeza kipande.”

“Waliongeza akina nani?”

“Mzee, mimi nina watoto wanasoma.”

“Na mimi nilikuwa na mke.”

Akanawa tena mikono ambayo ilikwisha takata.

Binti wa takwimu alipoona kamba aliyahesabu mafundo mwenyewe. Kisha akasema maji ya mita sita kwa kawaida ni baridi kuliko ya juu, hasa bahari ikitulia, na kwamba yale hayakupaswa kupewa jina la maji ya juu hata siku moja. Alisema mama huenda alikuwa sahihi miaka yote. Nilikaa chini kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

Tukaenda wote kwa mkuu. Alitazama mafundo kama mtu anayeonyeshwa nguo chafu.

“Mlinzi, umeanza lini utafiti?”

“Tangu ulipomfundisha mke wangu kuwa mashine haizeeki.”

“Bomba lilifungwa kwa mchoro. Utakuwa umepima mawimbi.”

“Basi shuka na mimi gatini tupime wote.”

“Nina kikao.”

Binti hakurudi nyuma, hilo nampa. Alizitenga safu mbili, kila moja na jina lake na kina chake, akapeleka kwa kamati iliyotunga orodha ya majina. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili. Wamekubali ndoo na bomba visikae pamoja. Lakini hawawezi kuondoa neno “shaka” mbele ya miaka yake tisa mpaka kituo kiandike, na mkuu atie saini, bomba lilibadilishwa siku gani. Bila hiyo siku, wanasema, hawajui kama ni bomba lililohama au ni Mama Ndoo aliyekosea.

Daftari la matengenezo lina kurasa mbili zilizokatwa kwa wembe. Fundi wa pampu amechukua likizo. Mkuu hupita langoni kwangu asubuhi bila kushusha kioo cha gari, na fomu iliyotumwa na kamati bado iko mezani kwake, nafasi ile ikiwa tupu:

Bomba lilishushwa lini, na kwa amri ya nani?